Bei ya Matamanio: Uchambuzi wa Kisa cha Korosho za Kusini, Msimu wa 2018/2019

Minada ya kwanza ya korosho ya msimu wa 2018/2019 ilipofanyika Oktoba 2018, wakulima walisomewa bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo na wakakataa kuuza. Hawakukataa kwa kiburi. Msimu uliotangulia, wa 2017/2018, bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 katika baadhi ya minada, na nchi ilikuwa imevuna takriban tani 313,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Mkulima wa Tandahimba au Newala aliyeshika shilingi 4,000 mwaka jana, kisha mwaka huu akasomewa bei iliyopungua kwa theluthi au zaidi, ana kila sababu ya kuamini kwamba kuna mtu amekaa katikati anakula jasho lake.

Mambo yakaenda kasi. Mwishoni mwa Oktoba Rais John Magufuli alikutana na wanunuzi Dar es Salaam, na kikao hicho kikatoka na makubaliano ya kununua kwa bei isiyopungua shilingi 3,000. Ununuzi haukuchangamka. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa mbunge wa Ruangwa, akawapa wanunuzi siku chache waseme kwa maandishi wanataka tani ngapi. Novemba 10 mawaziri Charles Tizeba wa Kilimo na Charles Mwijage wa Viwanda na Biashara waliondolewa, na Bodi ya Korosho ikavunjwa. Novemba 12 Rais akatangaza kwamba serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yangepitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi lingesomba mzigo kutoka vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Januari 30, 2019 Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, chombo cha serikali, ilitiliana saini na kampuni moja kutoka Kenya mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Mei 2019 serikali ikatangaza kwamba mkataba huo umevunjwa kwa sababu mnunuzi hakutimiza masharti. Korosho zilikuwa bado maghalani.

Uamuzi wa serikali umekwisha kujadiliwa na wengi, kwa kuusifu na kwa kuulaani. Kisichojadiliwa ni mazungumzo ya kisiasa yaliyouzunguka uamuzi huo, yaani yale yaliyosemwa redioni, magazetini, katika makundi ya WhatsApp na kwenye vijiwe kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, Nachingwea na Lindi. Nayachukua kuwa kisa kinachojitegemea, kwa sababu mazungumzo hayo hayakuwa mapambo. Watu walifanya maamuzi kwa kuyasikiliza: walikopa, waliahidi ada za shule, waliacha kuuza au waliharakisha kuuza. Nayo, kwa sehemu kubwa, yaliikimbia hali halisi kwa muda wa miezi saba mfululizo.

Hoja kuu ya wachambuzi waliouunga mkono uamuzi ilikuwa na mantiki yake, na anayeipuuza hataelewa kwa nini iliwashika watu wenye akili timamu. Walisema hivi: korosho ya Kusini huvunwa kati ya Oktoba na Januari, wakati ambapo Afrika Magharibi na nchi nyingi za Asia hazina mavuno. Viwanda vya Vietnam na India haviwezi kukaa bila malighafi. Kwa hiyo, wanunuzi wakigoma leo, kesho watarudi wamepiga magoti na kununua kwa bei tutakayoitaja sisi. Wasiporudi, tutabangua wenyewe na kuuza korosho iliyobanguliwa kwa bei kubwa zaidi.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Msimu wetu ni nguvu yetu, na ndiyo sababu mojawapo inayofanya korosho ya Tanzania itafutwe hata na wanaoweza kununua kwingine kwa bei nafuu. Lakini nguvu hiyo ina mwisho unaojulikana kwa tarehe. Kuanzia Februari mavuno ya Afrika Magharibi huanza kuingia sokoni, na Ivory Coast peke yake mwaka 2018 ilizalisha zaidi ya tani 700,000, yaani zaidi ya mara mbili ya mavuno yetu bora kabisa. Kati ya Oktoba na mwisho wa Januari mnunuzi hana pengine pengi pa kwenda ila Msumbiji na kwetu. Baada ya hapo ana dunia nzima. Yeyote aliyetaka kuitumia nguvu ya msimu alipaswa kuwa na mzigo uliopimwa, uliopangwa kwa daraja, ulio tayari bandarini na wenye bei iliyo karibu na ile mnunuzi anayoweza kuilipa, na yote hayo kabla ya mwaka mpya. Badala yake, Novemba ilikwisha katika matamko, Desemba ikaisha katika kusomba na kuhakiki, na Januari ikafika huku sehemu kubwa ya mzigo haijapata mnunuzi. Wachambuzi waliendelea kusema kwamba tunawasubirisha wanunuzi. Waliokuwa wanasubiri tulikuwa sisi, na kila wiki iliyopita iliipunguza ile nguvu waliyokuwa wakiisifu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu yeyote aliyewahi kulinda ghala la chama cha msingi angeweza kuwaeleza. Korosho ghafi haitunziki kama dhahabu. Unyevu huongezeka, punje hubadilika rangi, na kiwango cha ubora hushuka, hasa mvua za Kusini zinapokolea kati ya Desemba na Aprili. Mnunuzi mkubwa hupima ubora kabla ya kutaja bei, na mzigo wa Novemba ukipimwa Mei hauwezi kuitwa mzigo uleule. Hivyo subira, ambayo katika mazungumzo ilitajwa kuwa silaha, ghalani ilikuwa hasara inayoongezeka usiku na mchana.

Sehemu ya pili ya hoja ilihitaji kalamu na karatasi, na hapa ndipo lawama yangu kwa wachambuzi ni nzito zaidi, maana hesabu yenyewe haikuwa siri. Korosho iliyobanguliwa huuzwa duniani kwa ratili. Daraja linalouzwa zaidi, lile la punje nzima za ukubwa wa kati, lilikaribia dola 5 kwa ratili mwaka 2017, na kufikia miezi ya mwisho ya 2018 lilikuwa limeshuka chini ya dola 4. Sababu zilijulikana: walaji walikuwa wamepunguza manunuzi kutokana na bei kubwa za 2017, na wabanguaji wengi wa Vietnam walikuwa wamepata hasara mwanzoni mwa 2018 kwa kushika malighafi ghali wakati bei ya bidhaa inashuka. Sasa tupige hesabu. Ratili ni karibu gramu 454, kwa hiyo dola 4 kwa ratili ni kama dola 8.8 kwa kilo. Ili kupata kilo moja ya korosho iliyobanguliwa zinahitajika kilo nne na zaidi za korosho ghafi. Hata kama punje zote zingetoka nzima na safi, jambo ambalo halitokei katika kiwanda chochote, kilo moja ya ghafi ingezaa kama dola 2 tu. Toa punje zilizovunjika na zilizoungua, ambazo huuzwa kwa bei ndogo. Toa mishahara, nishati, vifungashio na riba ya mkopo. Kinachobaki kwa ajili ya kununulia malighafi kinashuka chini ya dola 2 kwa kiasi kikubwa.

Weka upande wa pili shilingi 3,300. Kwa thamani ya shilingi ya wakati huo, hiyo ni zaidi kidogo ya dola 1.4 mkononi mwa mkulima. Juu yake kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ambao ulikuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Kuna gunia, ghala, makato ya chama cha msingi na chama kikuu, lori hadi bandarini, kisha meli hadi Ho Chi Minh, Vietnam, au Tuticorin, India. Jumla yake inapita kiasi ambacho mbanguaji angeweza kukirudisha kwa bei za mwishoni mwa 2018. Wanunuzi waliokataa shilingi 3,300 huenda walikuwa walafi, na huenda pia walikuwa wamekula njama wao kwa wao; mimi sioni sababu ya kuwatetea, kwani minada ya masanduku, ambamo wanunuzi huandika bei na kuzitumbukiza sandukuni, yenye wanunuzi wachache ni mahali ambapo njama ni rahisi. Lakini hata mnunuzi mwaminifu kuliko wote, asiye na njama na mtu yeyote, asingeweza kuilipa bei hiyo bila kula mtaji wake. Swali la haki na swali la uwezo wa soko yalikuwa maswali mawili, na wachambuzi wakajibu la pili kwa jibu la la kwanza: kwa kuwa mkulima anastahili shilingi 3,300, basi korosho ina thamani ya shilingi 3,300.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoachana na ardhi. Kustahili kwa mkulima ni jambo ninaloliamini kwa moyo wangu wote. Mtu anayepalilia, anayepuliza sulfa, dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ugonjwa, alfajiri kabla upepo haujaanza, anayeokota punje mojamoja chini ya mti na kuzianika, hastahili kupangiwa maisha na bei ya ratili iliyoamuliwa mbali naye. Serikali ingeweza kusimama mbele ya Bunge na kusema wazi kwamba mwaka huu soko limeanguka, kwamba tunampa mkulima ruzuku, na kwamba gharama yake ni kiasi fulani cha fedha za umma. Mavuno ya msimu huo yalifika takriban tani 225,000. Kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hizo ni karibu shilingi bilioni 740. Mjadala ungehusu kama nchi inaweza kubeba mzigo huo, zitoke wapi, na wakulima wa pamba na kahawa waambiwe nini. Huo ungekuwa mjadala wa watu wazima. Tulichopewa ni hadithi ya biashara yenye faida, ambamo serikali inanunua kwa 3,300 na kuuza kwa zaidi, na katika hadithi hiyo hapakuwa na nafasi ya kuuliza fedha za hasara zitatoka wapi kwa sababu hasara yenyewe haikuruhusiwa kuwepo.

Sehemu ya tatu, ile ya kubangua wenyewe, ilikuwa na historia ambayo mikoa yetu miwili ya Mtwara na Lindi inaifahamu kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa imejenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kwetu, vyenye uwezo wa kubangua takriban tani 113,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, malighafi ilikuwa imetoweka: uzalishaji uliokuwa tani 145,000 msimu wa 1973/1974 uliporomoka hadi kama tani 16,500 msimu wa 1986/1987, kwa sababu ya bei mbaya, watu kuhamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakati wa operesheni ya vijiji, na ugonjwa wa ukungu unaoitwa ubwiriunga. Viwanda vingi vilisimama. Vilipobinafsishwa, kadhaa viligeuzwa maghala. Mwaka 2018 sehemu kubwa mno ya korosho yetu, kama tisa ya kumi au zaidi, iliondoka nchini ikiwa ghafi.

Mchambuzi aliyesema Novemba 2018 kwamba tutabangua wenyewe alikuwa akivihesabu viwanda hivyo kwa majengo yake. Hakuuliza mashine zipo au zimeuzwa kwa chuma chakavu. Hakuuliza wabanguaji stadi wangapi wanapatikana Lindi, Mtama au Masasi, na inachukua muda gani kumfundisha mtu kutoa punje nzima bila kuivunja. Hakuuliza nani amekwisha kutia saini ya kununua korosho iliyobanguliwa kutoka kwetu. Hata mtu aliye na fedha zote mkononi hawezi kununua kiwanda Novemba, kukifunga, kufundisha watu na kubangua makumi ya maelfu ya tani kabla mvua hazijaharibu mzigo. Mimi ni muumini wa ubanguaji wa ndani. Nataka kuuona kabla sijafa. Ndiyo maana inaniuma kuona jambo linalohitaji miaka kumi ya uvumilivu, mikopo ya riba nafuu na sera isiyobadilika likitolewa kama jibu la dharura ya wiki sita. Methali ya penye nia pana njia ilirudiwa sana siku zile, mahali ambapo palihitajika idadi ya mashine.

Nimesikia wachambuzi hao wakitetewa kwa kuambiwa kwamba mwanzoni hakuna aliyejua yatakayotokea. Utetezi huo ungesimama kama maoni yao yangebadilika kadiri matukio yalivyojitokeza. Hayakubadilika, na hilo ndilo linalonishughulisha zaidi katika kisa hiki. Wanunuzi walipokaa kimya mwezi Novemba, ukimya huo ulitafsiriwa kuwa dalili ya hofu. Desemba ilipofika bila wao kurudi, ikaelezwa kwamba wanajipanga kurudi kwa aibu. Baadhi yao walipotaja bei za chini, bei hizo zikawa uthibitisho wa njama. Kila tukio, hata lile lililopingana moja kwa moja na utabiri, liliingizwa ndani ya hoja kama ushahidi mpya wa kuiunga mkono. Hoja ambayo haiwezi kukanushwa na tukio lolote haitusaidii kulielewa tukio lolote.

Mkataba wa Januari 30, 2019 unaonyesha hali hiyo kuliko kitu kingine. Gawanya shilingi bilioni 418 kwa tani 100,000 na utapata shilingi 4,180 kwa kilo. Hiyo ni bei iliyo juu ya bei ya serikali kwa karibu shilingi 900, katika soko ambalo wanunuzi wakubwa wa dunia walikuwa wamekataa shilingi 3,300. Kenya haizalishi wala haibangui kiasi kinachokaribia tani 100,000. Maswali yalikuwa mepesi: kampuni hiyo itaipeleka wapi korosho, itabanguliwa na nani, na ni benki gani imethibitisha malipo? Mzee mmoja wa Newala, ambaye amelima mikorosho tangu enzi za ushirika wa kwanza, alimsikiliza kijana aliyekuwa akisherehekea habari hiyo kijiweni, kisha akamwomba, kwa upole wa babu kwa mjukuu, amwambie huyo mnunuzi atamuuzia nani naye apate faida. Kijana alimheshimu mzee, akamwitikia vizuri, kisha akaendelea kusherehekea. Vipindi vya redio navyo vilifanya vivyo hivyo: mkataba ulipokewa kama uthibitisho kwamba bei halisi ya dunia ni zaidi ya shilingi 4,000 na kwamba wanunuzi wa zamani walikuwa wezi. Mkataba ulipovunjika miezi michache baadaye, sikusikia kipindi hata kimoja kilichorudi kuitazama hesabu ile.

Haki inadai tuwatazame na waliokuwa upande mwingine. Wachambuzi walioipinga serikali walikuwa na matamanio yao. Walitabiri kwamba hakuna mkulima atakayelipwa hata senti, kwamba jeshi limeletwa kupora, na kwamba Kusini itasimama tena kama ilivyosimama Mei 2013, wakati mji wa Mtwara ulipowaka moto kwa ajili ya bomba la gesi. Walilipenda wazo hilo la mwisho kiasi cha kutoona tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 2013 watu waliamini kwamba kitu chao kinaondoka. Mwaka 2018 walikuwa wameahidiwa bei iliyo kubwa kuliko ya mnadani, na mtu aliyeahidiwa fedha husubiri kwa muda mrefu kabla ya kufanya lolote litakalozihatarisha. Wakulima wengi walilipwa, ingawa kwa kuchelewa na kwa manung'uniko mengi. Ghasia hazikutokea. Kambi hii nayo haikuwahi kusema kwamba ilikosea. Ilihamia utabiri mwingine.

Wakati kambi zote mbili zikishindana kuhusu ushindi na maangamizi, maisha ya mkulima yalipita katikati bila mtu wa kuyasimulia. Shule zilifunguliwa Januari 2019 huku wengi wakiwa hawajalipwa. Wenye kilo zaidi ya 1,500 waliambiwa wahakikiwe mashamba yao, ili kuwabaini wanaonunua kwa kangomba, yaani wale wanaochukua korosho mapema kwa bei ya kutupa kutoka kwa mkulima mwenye shida. Kangomba ni unyonyaji, sitasema vinginevyo. Lakini mchambuzi aliyewaita wote wahujumu hakutaja kwamba katika vijiji vingi mnunuzi wa kangomba ndiye mwenye duka aliyetoa unga kwa mkopo mwezi Agosti, na kwamba mkulima hakwenda kwake kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemkopesha. Kumwondoa bila kuweka mkopeshaji mwingine mahali pake ni kumwacha mkulima na njaa ileile.

Kilichopotea kabisa katika kelele ni sulfa. Hadi katikati ya 2018 sheria ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi kurudi katika zao lenyewe, na fedha hizo ndizo zilizogharamia pembejeo, pamoja na sulfa ya bure iliyogawiwa kabla ya mavuno makubwa ya 2017/2018. Juni 2018 utaratibu huo ulifutwa kwa Sheria ya Fedha, na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, licha ya wabunge wa Kusini kupinga kwa nguvu. Mavuno yakashuka kutoka tani 313,000 hadi kama 225,000. Sidai kwamba sulfa ndiyo sababu pekee, kwani hali ya hewa nayo ina sehemu yake, lakini mkorosho usiopulizwa hushikwa na ubwiriunga na hautoi matunda kamili. Hilo halina ubishi kwa yeyote aliyewahi kuwa na shamba. Shilingi 300 za tofauti kati ya bei moja na nyingine zilijadiliwa kwa miezi saba. Tani 88,000 zilizopungua zilijadiliwa kwa siku chache, kisha zikasahaulika, kwa sababu hazikuwa na adui mwenye sura ya kuchorwa.

Kwa nini watu wenye elimu na uzoefu walifanya hivyo? Sababu moja ni ile bei ya 2017, iliyogeuka kipimo cha ukweli ingawa ilikuwa kilele cha uhaba wa dunia nzima. Nyingine ni kumbukumbu ndefu ya Kusini, iliyoahidiwa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha viwanda, kisha gesi. Mtu aliyesubiri sana huitika haraka anapoambiwa kwamba zamu yake imefika. Na sababu ya tatu ni woga. Septemba 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Takwimu na kuifanya kosa la jinai kusambaza takwimu zinazokusudia kupinga au kupotosha zile rasmi, masharti ambayo yalilegezwa Juni 2019. Msimu wote wa korosho uliangukia ndani ya kipindi hicho. Makarani wa maghala, watu wa vyama vikuu na wafanyabiashara walioijua bei ya ratili walikuwepo Mtwara na Masasi, nao walinyamaza. Uwanja ukabaki kwa wasiojua na kwa wasiojali kujua, na siwezi kuwalaumu walionyamaza kwa kiwango kilekile ninachowalaumu waliosema.

Tabia yenyewe haikuisha na msimu huo. Minada ya mwanzo ya Oktoba 2023 ilitoa bei iliyokuwa karibu na shilingi 2,000, na wachambuzi wakasema mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mzigo ghalani na kusubiri uuzwe mnadani, umekufa. Oktoba 2024 mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ulifikia shilingi 4,120, na wengi waliousoma wakaeleza kwamba mauzo ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania yamemaliza tatizo. Mfumo mpya una uwazi zaidi kuliko masanduku na ninauunga mkono. Hata hivyo, mwaka huo mavuno ya Afrika Magharibi yalipungua, Ivory Coast ilizuia kwa muda usafirishaji wa korosho yake ghafi kwenda nje, na viwanda vya Vietnam vilikuwa vikitafuta malighafi kwa udi na uvumba. Bei ingepanda hata kama tungeuza kwa masanduku. Anayeupa mfumo sifa zote za 2024 atalazimika kuulaumu kwa yote bei itakaposhuka, na kuna hatari kwamba jambo jema litabomolewa kwa kosa lisilokuwa lake.

Redio za Mtwara, Masasi na Lindi zina vipindi vya asubuhi ambavyo wakulima husikiliza wakiwa shambani. Ninaomba kuanzia Septemba, kabla minada haijafunguliwa, mambo manne yasomwe kila wiki kabla mchambuzi yeyote hajapewa kipaza sauti: bei ya ratili ya korosho iliyobanguliwa, ukubwa wa mavuno ya Ivory Coast na Cambodia ya mwaka huo, ushuru na makato yote yanayokaa juu ya bei ya mkulima, na thamani ya shilingi kwa dola. Vyama vikuu vinaweza kuzipata habari hizo, na kuzisoma huchukua dakika tatu. Mchambuzi atakayetabiri bei baada ya hapo aulizwe ameitoa wapi kati ya hayo manne, na kipindi kimhifadhie jibu lake hadi Januari, kimrudishe studioni, na kimsomee.